Vijana watano wa tawi langu wananiharibia mechi. Niwafukuze?

"Mtaalamu, habari za majukumu. Mimi ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki huku Temeke, tupo kama watu 200. Ikifika mechi kubwa tunakodi Coaster mbili au tatu. Kero yangu ni vijana watano. Hawakosi mechi na wanaimba kuliko wote, lakini tukifungwa, au refa akikataa bao, wanarusha chupa na kung'oa viti. Mechi iliyopita walimkuta kijana wa watani amekosea jukwaa, wakamvua jezi na kumpiga. Askari wakaja, likapigwa bomu la machozi, akina mama wa tawi wakakimbia, mmoja akaumia mguu. Sasa wanachama wamegawanyika. Kuna wanaosema zichukuliwe hatua kali kama Uingereza: uzio mrefu, mbwa, mabomu, na klabu ifungiwe mpaka mashabiki watie akili. Kuna wanaosema mpira ni vita, asiyeweza abaki nyumbani. Je, hawa watano niwafukuze? Niwapeleke polisi? Na binti yangu wa miaka 11 ananisumbua nimpeleke dabi. Nimjibu nini?"

Mwenyekiti, salama kabisa. Nikikuelewa vizuri, chupa ndiyo kero yako ndogo. Unaogopa siku moja Coaster irudi Temeke ikiwa na pengo, na papo hapo unaogopa kuwatimua vijana ambao bila wao jukwaa lako linapooza. Hofu zote mbili ni za haki. Ila kabla sijafika kwa hao watano, nikuombe tutenganishe mambo, maana wanachama wako wa pande zote mbili wameyapika chungu kimoja.

Kuna utani. Utopolo, Makolo, Vyura, Mikia, yale majina ya kejeli ya Yanga na Simba, jeneza la kadibodi lenye rangi za watani likizungushwa jukwaani. Unaudhi, hauumizi, na dabi isiyo na utani ni mazoezi ya jioni. Kuna uhuni: chupa, kiti, jezi kuvuliwa kwa nguvu. Huo una mtendaji mwenye jina na sura. Halafu kuna msongamano, watu wengi mno mahali padogo pasipo na pa kutokea. Huu hauna mtu wa kumkunja shati, na ndio unaoua watu wengi kwa mkupuo. Tatizo letu ni kwamba tukiona uhuni wa watu watano tunatumia dawa inayozalisha msongamano wa watu elfu tano.

Chukua Accra, 9 Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki wa timu iliyofungwa waling'oa viti vya plastiki wakavirusha uwanjani, kama wanavyofanya vijana wako. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi. Watu wakakimbilia milangoni, wakakuta imefungwa. Walikufa 126, na si viti vilivyowaua. Kinshasa, Mei 2014, Vita Club na TP Mazembe: vitu vikarushwa, gesi ikapigwa, watu wakasukumana kutoka, wakafa takriban 15. Malang, Indonesia, 1 Oktoba 2022, mashabiki wa Arema waliingia uwanjani baada ya timu yao kufungwa nyumbani na Persebaya. Gesi ikafyatuliwa mpaka kwenye majukwaa, wakafa 135. Na mashabiki wa Persebaya siku hiyo walikuwa wamezuiwa kuja! Hapakuwa na mtani wa kupigana naye. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanyia watu ndani ya uwanja, na sababu ni hiyo hiyo: gesi inamwambia mtu "kimbia" mahali ambapo hakuna pa kukimbilia.

Magazeti huandika kwamba watu walikanyagana hadi kufa. Wengi wa wanaokufa hawakanyagwi na mtu. Watu wakifika sita au saba kwenye mita moja ya mraba, hakuna tena anayeamua aende wapi. Kundi linayumba lenyewe kama maji kwenye ndoo inayobebwa, mikono inabanwa ubavuni, na kifua kinakosa nafasi ya kutanuka. Mtu anakosa hewa akiwa amesimama wima, kazungukwa na watu ambao nao wanapiga kelele waachiwe nafasi. Wa nyuma haoni kinachotokea mbele. Anachoona ni kwamba foleni haisogei, basi anasukuma kidogo tu.

Na hapo uhuni hauhitajiki kabisa. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger ya Algeria kwenye Uwanja wa Mkapa, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho, shabiki mmoja alifariki na makumi wakaumia katika msongamano wa watu waliokuwa wakigombea kuingia. Walikuwa watu wenye furaha.

Siku ukipata nafasi, simama pembeni ya geti moja uangalie. Lile geti la chuma la kuzungusha, linaloingiza mtu mmoja mmoja, kwa kiwango ambacho wakaguzi wa viwanja vya Uingereza wanakitumia halipaswi kuhesabiwa kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa, yaani 11 kwa dakika, na hapo kila kitu kiwe sawa. Sasa anafika jamaa, kadi yake haisomi. Anaifuta kwenye jezi, anajaribu tena. Anampigia simu rafiki aliyemnunulia tiketi, simu inaita haipokelewi. Anaambiwa apishe, anakataa, ana haki yake, amelipa. Sekunde 40 zimekwenda, watu saba wamekwama nyuma yake, na nyuma ya hao saba kuna mia tano. Ndani spika zinataja vikosi, watu wanashangilia, wa nje wanadhani bao limeingia. Piga hesabu: upande wenye mageti 10 unaingiza 6,600 kwa saa. Wakija watu 20,000 katika saa ya mwisho, filimbi inapulizwa 13,400 wakiwa nje. Askari anayeangalia kwa mbali anaona fujo. Anatoa kirungu.

Sasa tuje Uingereza, maana wanachama wako wamesikia nusu ya habari.

Ni kweli miaka ya 1970 na 1980 mashabiki wa kule walikuwa janga, treni zinavunjwa na mabaa yanachomwa. Ni kweli pia kwamba walijibu kwa uzio, vizimba vya chuma kwenye majukwaa, watu wakafungiwa kama mifugo. Tarehe 29 Mei 1985, kwenye uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, ukuta ukaanguka, wakafa 39. Klabu zote za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya mpaka 1990, Liverpool mpaka 1991. Hasira ya serikali ikapanda, na kila shabiki akahesabiwa mhuni mpaka athibitike vinginevyo.

Matokeo ya fikra hiyo yakaonekana kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, 15 Aprili 1989. Nje ya mageti kulikuwa na msongamano. Polisi wakafungua geti kubwa la kutokea ili kuupunguza, bila kuziba njia ya chini iliyokuwa ikielekea kwenye vizimba ambavyo tayari vimejaa. Watu wakamiminika humo. Mbele yao kulikuwa na uzio. Waliojaribu kuupanda ili wapate hewa walidhaniwa wanavamia uwanja, wengine wakarudishwa. Waliokufa ni 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kwa madhara ya siku ile. Kwa miaka mingi mashabiki walisingiziwa kwamba walikuwa walevi na wahuni. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Na kabla ya hapo, 11 Mei 1985, jukwaa la Bradford liliteketea kwa moto, wakafa 56. Milango ya nyuma mingi ilikuwa imefungwa, walionusurika wengi walirukia uwanjani, kwa sababu pale mbele hapakuwa na uzio. Mwenyekiti, mwanachama atakayesimama kwenye kikao kudai uzio, msomee habari hizi mbili tu.

Baada ya Hillsborough, ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 iling'oa uzio na kuleta viti kwa kila mtu katika viwanja vya madaraja ya juu. Kilichowapunguza wahuni wenyewe ni kitu kingine: walianza kushughulikia mtu kwa jina lake. Sheria ya mwaka 1989, iliyoongezwa makali mwaka 2000, inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu aliyefanya fujo asikanyage mechi kwa miaka 3 hadi 10, na timu ya taifa ikienda kucheza nje anasalimisha pasipoti. Kufikia Kombe la Dunia la 2006 kule Ujerumani, waliozuiwa walikuwa zaidi ya 3,000. Kamera zikawekwa jukwaa kwa jukwaa. Kazi ya ndani ikahamia kwa wasimamizi wenye reflekta waliofundishwa kuongea na watu, polisi wakabaki pembeni kwa ajili ya uhalifu.

Nisikufiche upande wa pili. Viti vilipokuja, bei ya tiketi nayo ilipaa, na vijana wa mtaani wakabaki kuangalia kwenye baa. Sehemu ya utulivu ule ilinunuliwa kwa kumfukuza maskini. Sisi tukiiga hilo, mzunguko, lile jukwaa la bei nafuu, utajaa watu wa kupiga picha na hakuna atakayeimba. Na ugonjwa haujaisha: fainali ya Euro kwa Wembley, 11 Julai 2021, watu wapatao 2,000 waliingia bila tiketi kwa kuvunja vizuizi. Anayekuambia Uingereza walimaliza, mwambie walipunguza.

Kwa nini basi mtu mstaarabu, fundi cherehani, baba wa watoto, anajikuta ameshika kiti mkononi? Watu husema kundi linamtoa mtu akili. Watafiti waliotembea na mashabiki miaka mingi, akiwemo mwanasaikolojia wa Uingereza Clifford Stott, wanaona tofauti. Shabiki jukwaani akili anazo, ila anaangalia nani ni "sisi" na nani ni "wao". Dakika ya 60, vijana watano wakirusha chupa, wengi wa jukwaa wanawaona kero na hata wanawazomea: "Oya, mtatufungisha!" Kirungu kikishuka kwa kila aliyevaa rangi ile, mwalimu wa shule akapigwa bila kosa na mama akapaliwa na gesi, mpaka unahama. Sasa "wao" ni askari, na wale watano waliokuwa kero wanageuka mashujaa wa jukwaa.

Wareno walilifanyia kazi hilo kwenye Euro ya 2004. Katika miji ya mechi, askari walitembea wawili wawili na sare za kawaida, wakipiga soga na mashabiki, kikosi kizito kimefichwa mtaa wa pili. Akitokea mkorofi, anachukuliwa yeye, mapema, na jirani yake anaachwa na bia yake. Mashabiki wa Uingereza, waliokuwa wameusumbua mji wa Charleroi, Ubelgiji, miaka minne nyuma, hawakuleta fujo ya maana katika miji hiyo. Fujo zilizuka Albufeira, mji wa pwani uliokuwa chini ya jeshi jingine la polisi lililotumia mbinu za zamani. Mashabiki ni wale wale, mashindano ni yale yale. Samaki mmoja akioza, tunasema, wameoza wote. Jukwaani inategemea kama uliwatia wote tenga moja.

Hili linanileta kwenye adhabu ya kufungia klabu. Unakumbuka Simba na CS Sfaxien, 15 Desemba 2024: viti 256 viliharibiwa kwa Mkapa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamuru Simba icheze bila mashabiki, na tarehe 19 Januari 2025 Simba wakacheza na CS Constantine mbele ya majukwaa matupu. Mimi siibezi kabisa adhabu hiyo. Kanuni inaibebesha klabu mzigo wa mashabiki wake kwa sababu bila kuguswa mfukoni, viongozi wengi hawajishughulishi na kamera wala wasimamizi. Lakini tazama nani alilipa: mama muuza karanga, bodaboda, na maelfu waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao bila kuvigusa. Aliyeng'oa kiti aliangalia mechi kwenye banda umiza kama kila mtu. Ikitumika mara moja inaamsha. Ikitumika kila mara inawafundisha watu kwamba kuwa mtulivu hakuna faida. Bora kamera imtafute aliyekishika kile kiti, akilipe.

Kwa wale wanaosema mpira ni vita, sina maneno mengi. Vitani hakuna nauli ya kurudi nyumbani iliyokusanywa na tawi.

Kuhusu binti yako: mpeleke, ila dabi isiwe mechi yake ya kwanza. Aanze na mechi ya kawaida ya ligi, ajue kelele, ajue choo kilipo. Dabi ikifika usimpeleke mzunguko. Jibane ulipe jukwaa lenye kiti cha namba, ingieni mapema jua likiwa bado kali, na kabla hamjakaa muonyeshe milango miwili ya kutokea, maana kila mtu hukimbilia ule alioingilia. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Mkipotezana, mnakutana mahali mlipopanga nje ya uwanja, na yeye amfuate mwenye reflekta, asimfuate mtu tu. Filimbi ya mwisho ikilia, kaeni robo saa. Foleni ya kutokea haitawakimbia.

Ikipigwa gesi, usifikiche macho. Suuza kwa maji safi, sogea upande upepo unakotoka, na kama njia imejaa bakini kwenye viti huku mmefunika pua. Gesi inawasha na inapita. Kwenye mlango uliojaa ndiko kuliko na kifo. Mkijikuta mmebanwa, mnyanyue mtoto, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usishindane na msukumo, ila kila msukumo ukilegea kidogo sogea kimshazari kuelekea pembeni. Na aliyebanwa akipata maumivu ya kifua au pumzi nzito saa chache baadaye, aliyepigwa kichwani akitapika au kuongea ovyo, mwenye pumu aliyevuta gesi asipotulia kwa dawa yake, hao ni wa hospitali usiku huo huo. Mama wa tawi aliyeumia, kama bado hawezi kuukanyagia ule mguu, anahitaji picha ya eksirei. Kuchua na mafuta hakuungi mfupa.

Sasa watano wako.

Kwanza, acha kuwaita "wale watano". Ukiwaita kikaoni pamoja, umewapa cheo. Muite mmoja mmoja, kwa staha, na mzee anayemheshimu akiwepo. Kwa niliyoyaona, kundi la namna hiyo halina watu watano wa aina moja. Kuna anayeanzisha. Kuna wawili wanaofuata kwa sababu kwingine mtaani hakuna anayewajua. Kuna anayepanda gari akiwa ameshakunywa. Na siku hizi karibu kila kundi lina mmoja ambaye hasira yake haihusiani na timu: mkeka umechanika. Ameweka hela ya kodi, bao limekataliwa dakika ya 88, unadhani analia kwa mapenzi ya klabu. Huyo ukimfungia mechi kumi hujamgusa. Anahitaji mtu wa kukaa naye juu ya kamari, na kama ameanza kuuza vitu vya nyumbani, afisa ustawi wa jamii wa kata ni mahali pazuri pa kuanzia. Mlevi, kanuni yake ni ya mlangoni mwa Coaster: aliyelewa hapandi, awe nani.

Wale wawili wafuasi wape kazi, ngoma, bendera, kuhesabu watu kwenye gari. Inafanya kazi, nimeiona. Usimpe kazi hiyo anayeanzisha, maana utakuwa umempa reflekta ya kupigia watu. Ndiyo sababu siamini sana katika kuwageuza mabaunsa wa klabu kuwa walinzi wa jukwaa. Mtu aliyechaguliwa kwa ukubwa wa kifua hutafuta mahali pa kuutumia.

Kuwafukuza moja kwa moja sikushauri, isipokuwa mmoja, nitamfikia. Kijana uliyemfukuza haachi mpira. Anakwenda na daladala, anakaa mbali na wazee wanaomjua kwa jina la baba yake, na hapo umepoteza kamba pekee uliyokuwa umemshikia. Msimamishe kwa barua, yenye kosa lililoandikwa, idadi ya mechi, na tarehe ya kurudi. Tarehe ni muhimu: mtu mwenye siku ya kurudi huilinda. Katika muda huo hapandi gari la tawi, hanunuliwi tiketi na tawi, na wanachama wanajua. Kiti alichovunja alipe hata kama ni kwa mafungu. Na umwambie wazi kwamba sura yake ipo kwenye simu za watu kumi waliokuwa wakirekodi.

Kuna mambo madogo ya tawi ambayo yanasaidia kuliko hotuba. Chupa ya nusu lita iliyojaa na kufungwa ni nusu kilo inayoruka. Itoe kizibo mtu anapoingia, haifiki mbali, inamwaga maji njiani na kumlowesha mwenyewe. Panga wazee wakae katikati ya vijana, si safu ya mbele. Fikeni masaa matatu kabla ya mechi. Teua mtu mmoja wa tawi ambaye kazi yake siku hiyo ni kuangalia jukwaa badala ya mpira, mwenye namba ya simu ya msimamizi wa upande huo, ili akija mtani aliyepotea njia ahamishwe kabla vijana hawajamuona. Na tafadhali, lile suala la kumtuhumu mtu kwamba amemwaga dawa golini, mlimalize kwa kucheka. Nimeona ngumi nyingi zikianzia kwenye chumvi.

Polisi, ndiyo, lakini kwa kilichotendeka. Kumvua mtu jezi na kumpiga ni shambulio, na tawi halina mamlaka ya kulisuluhisha kwa soda na pole. Aliyepigwa ana haki ya kufungua kesi, na wewe ukiitwa ushahidi, nenda ukaseme ulichokiona. Kung'oa viti ni kuharibu mali. Usipeleke majina kwa sababu tu unawahisi; peleka tukio, tarehe, jukwaa na picha. Afadhali zaidi, mtafute polisi kata wako wiki moja kabla ya mechi kubwa, mwambie mnakwenda wangapi, magari gani, mnashukia wapi. Askari aliyekunywa chai na wewe Jumatano, Jumamosi atakuita kwanza kabla ya kuita gari la maji ya kuwasha.

Huyo mmoja niliyesema ni yule asiyengoja kufungwa. Utamjua kwa sababu anapanga: anauliza watani wanashukia wapi, anakuja na kitu kiunoni, na usiku wa mechi anawatumia wenzake picha za aliyempiga. Huyo hahitaji barua ya mechi tatu. Mtoe kwenye tawi, mjulishe polisi kata siku hiyo hiyo, na kama ana miaka chini ya 18 zungumza na wazazi wake kwanza kisha Dawati la Jinsia na Watoto. Kikao cha kumwambia ametolewa usikifanye peke yako, wala usikifanye siku ya mechi.